Kabla ya Kudai Ukumbi, Tuulizane Lugha

Kila mwaka wiki ya utamaduni inapokaribia, kitivo chetu huimba wimbo uleule: hatuna ukumbi. Mwaka huu pia tulikaa zaidi ya saa mbili tukijadili ukumbi. Wengine walitaka tuombe chumba kikubwa cha mihadhara, wengine tukodi ukumbi wa parokia, wengine tuwaandikie barua wakubwa wa mji. Mwishoni, watu wakiwa wameshasimama ili watoke, mmoja akauliza mchezo utakuwa wa lugha gani. Jibu lilichukua nusu dakika: Kifaransa, kama kawaida. Hakuna aliyepinga. Mimi pia sikupinga, nikajuta njia nzima hadi nyumbani.

Nilijuta kwa sababu ya mama yangu. Mama huuza sambaza katika soko la Kadutu. Mwaka jana alifunga meza yake mapema, akavaa kitenge kipya, akaja kuniona jukwaani. Alikaa mstari wa pili, akapiga makofi kila wenzake walipopiga. Tulipokuwa tunapanda mlima kurudi nyumbani aliniuliza: “Bale batu balikuwa banasema nini?” Nikamweleza hadithi yote kwa Kiswahili chetu, toka mwanzo hadi mwisho, na mahali pa kucheka akacheka. Mchezo wangu ulimfikia mama njiani, gizani. Jukwaani haukumfikia.

Hoja yangu ni kwamba tumeanza na swali la pili tukaliacha la kwanza. Ukumbi ni jambo kubwa, sikatai. Lakini mji unaweza kuwa na ukumbi mzuri kwa miaka mingi na watu wake wakabaki wageni ndani yake. Simaanishi hadithi ya kubuni. Upo ukumbi wa namna hiyo katika Afrika ya Mashariki hii hii, na naomba wasomaji wanisindikize huko kidogo kabla hatujarudi Bukavu.

Nilipomtembelea dada yangu mkubwa anayeishi Nairobi, niliomba anipeleke kuona Ukumbi wa Taifa wa Michezo ya Kuigiza wa Kenya. Yeye amekaa Nairobi miaka mingi na hakuwa amewahi kuingia. Tulipanda matatu hadi katikati ya mji, kisha tukatembea kwa miguu hadi barabara ya Harry Thuku. Nilikwenda kutazama jengo moja, lakini kilichonishangaza ni majirani zake.

Ng'ambo ya barabara ipo hoteli ya Norfolk, iliyofunguliwa mwaka 1904 na kuwa kikao cha walowezi wa Kizungu. Hatua chache kutoka hapo kipo Kituo Kikuu cha Polisi. Upande mwingine yapo majengo ya redio ya taifa, ambayo askari waasi wa jeshi la anga waliyateka tarehe 1 Agosti 1982 ili kutangaza kwamba wamepindua serikali. Na karibu kabisa upo Chuo Kikuu cha Nairobi. Hoteli, polisi, redio, chuo kikuu, na katikati yao jukwaa: mtu anaweza kuvizunguka vyote kabla chai yake haijapoa. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefundisha katika chuo hicho, aliwahi kuandika kuhusu ujirani huo. Aliona kwamba ukumbi hauko peke yake, kwamba unaishi katikati ya nguvu nyingine za nchi. Nilipokuwa nimesimama pale nilimwelewa kwa miguu kabla ya kumwelewa kwa akili.

Barabara yenyewe ina kisa. Machi 1922 serikali ya kikoloni ilimkamata Harry Thuku, kijana aliyepinga kodi, kipande na kazi ya kulazimishwa. Tarehe 16 umati ulikusanyika mbele ya polisi kudai aachiliwe. Wanaume walipoanza kusita, mwanamke aitwaye Mary Mũthoni Nyanjirũ aliwatukana kwa kitendo ambacho katika mila yao ni laana kubwa: aliinua nguo zake mbele yao na kuwaambia wampe suruali zao. Umati ukasonga mbele, polisi wakafyatua risasi, na inasimuliwa kwamba walowezi waliokuwa kwenye baraza ya Norfolk nao walipiga. Watu wasiopungua 20 walikufa, Nyanjirũ akiwa miongoni mwao. Kwa hiyo hapo mahali palikuwa na jukwaa kabla ya ukumbi kujengwa. Mwigizaji wake wa kwanza anayejulikana alikuwa mwanamke, alitumia lugha na ishara ambazo kila mtu katika umati alizielewa, na zikawasogeza watu.

Ukumbi ulifunguliwa mwaka 1952. Ni mwaka uleule ambao serikali ya Uingereza ilitangaza hali ya hatari nchini Kenya, tarehe 20 Oktoba, na kuanza vita dhidi ya Mau Mau. Nje ya mji watu walikuwa wanaingizwa kambini, na mjini pazia lilikuwa linafunguliwa kwa michezo ya Kiingereza. Uhuru ulikuja mwaka 1963. Bendera ilibadilika siku moja, lakini ratiba ya ukumbi haikubadilika siku hiyo. Neno “Taifa” lilikuwa limeandikwa pale tangu mwanzo, ila taifa lilikuwa bado halijapewa zamu.

Mwaka 1968, katika chuo kikuu kilicho jirani, walimu watatu, Ngũgĩ, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong, waliandika waraka wakitaka Idara ya Kiingereza ivunjwe ili fasihi ya Afrika, pamoja na ile ya masimulizi, iwekwe katikati ya masomo. Sisi wa kitivo cha lugha tunaufahamu waraka huo, tunauandikia mitihani. Kitu ambacho sikuwahi kukifikiria ni kwamba waliuandika karibu kabisa na mlango wa ukumbi huo. Walibadilisha masomo kwanza. Jukwaa lilisubiri.

Likaguswa mwaka 1976. Kenya ilikuwa inajiandaa kwenda Lagos katika tamasha kubwa la sanaa za Waafrika la mwaka 1977, lijulikanalo kama FESTAC. Michezo miwili ilichaguliwa: mmoja wa Francis Imbuga, na mwingine wa Ngũgĩ na Mĩcere Gĩthae Mũgo kuhusu kesi ya Dedan Kimathi, kiongozi wa Mau Mau aliyenyongwa tarehe 18 Februari 1957. Wakaomba ukumbi wa taifa ili wananchi waione kabla ya safari. Wakaambiwa ukumbi una wageni: kundi la densi kutoka Ufaransa na mchezo wa kuchekesha kutoka ng'ambo. Baada ya kuvutana, michezo yote miwili ilipata siku nane tu kwa jumla, ikabanwa katikati ya wageni hao. Lakini watu walijaa. Usiku mmoja waliimba wimbo wa mwisho pamoja na waigizaji, wakatoka wakicheza hadi barabarani, ile ile ya mwaka 1922, na polisi wakaja kuwazuia.

Hapa msomaji makini atanisimamisha. Mchezo wa Kimathi uliandikwa kwa Kiingereza; baadaye ndipo ulichapishwa kwa Kiswahili kwa jina la Mzalendo Kimathi. Kama ulitikisa barabara ukiwa katika Kiingereza, basi lugha si kitu. Ni pingamizi la haki, na jibu lake ni kile ambacho Ngũgĩ mwenyewe alikifanya baadaye. Hakuridhika. Mwaka 1977, pamoja na Ngũgĩ wa Mĩriĩ, alikwenda kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, Limuru, wakaandaa mchezo wa Ngaahika Ndeenda kwa Kigĩkũyũ. Wanakijiji, wafanyakazi wa viwanda na wakulima, waliurekebisha wakati wa mazoezi, maana sasa lugha ilikuwa yao na walijua mahali ambapo mwandishi amekosea. Jukwaa walijenga wenyewe, la wazi, lisilo na paa, la kukalisha watu wapatao 2,000. Mchezo ulianza mwezi wa Oktoba, na kabla Novemba haijaisha serikali iliufungia. Tarehe 31 Desemba 1977 Ngũgĩ alikamatwa, akawekwa kizuizini karibu mwaka mzima bila kufikishwa mahakamani.

Linganisheni. Kwa mchezo wa Kiingereza, ndani ya ukumbi wa taifa, waandishi walisumbuliwa na watazamaji wakazuiwa barabarani. Kwa mchezo wa lugha ya kijiji, juu ya jukwaa la mbao na nyasi, mwandishi alitiwa gerezani. Mwaka 1982 kundi la Kamĩrĩĩthũ lilipotaka kuleta mchezo mpya katika Ukumbi wa Taifa lilikuta milango imefungwa na polisi wamesimama. Wakahamia chuo kikuu kwa mazoezi, na maelfu ya watu wakafurika kuwatazama, hadi hayo nayo yakakatazwa. Mwezi uliofuata kituo chao kijijini kikabomolewa. Serikali ile ilijua jambo ambalo sisi wanafunzi wa lugha tunasahau: jengo bila lugha ya watu halimtishi mtu, na lugha ya watu inaweza kufanya kazi hata bila jengo.

Mwisho wa kisa hicho ni mzuri. Ukumbi ulikarabatiwa na kufunguliwa tena mwaka 2015. Mei 2022, Ngaahika Ndeenda ilichezwa ndani yake, kwa Kigĩkũyũ siku kadhaa na kwa Kiingereza siku nyingine. Miaka 45 ilikuwa imepita tangu Kamĩrĩĩthũ. Ngũgĩ alikuwa bado hai. Alifariki tarehe 28 Mei 2025. Ukumbi wa taifa ulistahili jina lake jioni hizo, ingawa kuta zake zilikuwa zimesimama miaka 70.

Sasa turudi nyumbani. Sisemi Bukavu ni Nairobi. Lakini siku niliporudi nilijaribu kutembea katikati ya mji wetu kwa macho yaleyale, nikiuliza majirani ni akina nani. Nilianzia Place de l'Indépendance, nikafuata Avenue Patrice Lumumba. Enzi za Wabelgiji mji huu uliitwa Costermansville kwa heshima ya mtawala wa kikoloni, na barabara hii ilikuwa Avenue Royale. Pembeni yake bado zimesimama nyumba za wakati huo, zenye kona za mviringo na baraza ndefu kama za meli, na hoteli ya Résidence ni mojawapo. Mbele kidogo ni Chuo cha Alfajiri cha Mapadri Wajesuiti, kilichoanzishwa mwaka 1938 kwa ajili ya watoto wa Wazungu, kikiwa na jina la Kifaransa la Notre-Dame de la Victoire. Halafu Kanisa Kuu la Bibi Yetu wa Amani. Na Nyawera, ambapo Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia mjini. Sauti yake ilikuwa imewatetea wenyeji na wakimbizi hadi siku ile.

Angalieni majina hayo. Costermans ameondoka, Mfalme ameondoka, Lumumba yupo. Chuo cha watoto wa Wazungu leo kinaitwa kwa neno la Kiswahili, tena neno zuri kuliko mengi. Wazazi wetu walibadilisha vibao vya mji mzima. Lakini ukiingia katika kumbi zilizo nyuma ya vibao hivyo, zile za shule, za parokia, za vyuo vikuu, jukwaani utasikia Kifaransa, na Kiswahili utakisikia kwa mlinzi wa mlangoni na kwa mama anayeuza karanga nje. Tulibadilisha majina tukaiacha lugha pale ilipokuwa. Ndiyo hali ya Kenya baada ya 1963, na sisi hatuna hata polisi mlangoni wa kumlaumu. Mlango tumeufunga wenyewe, kwa nusu dakika, tukiwa tumesimama.

Najua majibu nitakayopewa, kwa sababu nimeyasikia.

La kwanza: Kiswahili chetu si safi. Tunasema “batoto” na “mutu”, tunasema “minaenda ku soko”, tunasema “aksanti”. Mwalimu kutoka Dar es Salaam akitusikia atashika kichwa. Najibu kwa historia. Kiswahili sanifu kilianza kuratibiwa na kamati iliyoundwa mwaka 1930 kwa ajili ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar, na lahaja ya Unguja ikafanywa msingi. Kongo ya Wabelgiji haikuwemo katika mpango ule. Kiswahili chetu hakikuharibika njiani; kilifuata njia nyingine. Nakipenda Kiswahili sanifu, ndicho ninachoandikia makala haya, na ni lazima tukifundishe vizuri zaidi ya sasa. Lakini mchezo wa kuigiza ni mahali pa watu kusema kama wanavyosema. Mwigizaji anayecheza dereva wa teksi wa Feu Rouge akisema kama mtangazaji wa habari, watazamaji watacheka pasipo na kichekesho. Kiswahili sanifu na cha kwetu vinaweza kukaa jukwaa moja, kila kimoja katika kinywa chake.

La pili: Kifaransa ndiyo lugha ya mtihani, ya ofisi na ya kazi. Ni kweli, na sitaki mtu aache Kifaransa. Lakini Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema katika ibara ya kwanza kabisa kwamba Kifaransa ni lugha rasmi na kwamba Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Kitshiluba ni lugha za taifa. Ukumbi wowote unaotaka kuitwa wa taifa una wajibu kwa orodha yote. Kitivo cha lugha kina wajibu huo kuliko kingine chochote. Kama sisi hatufanyi, tunamwachia nani? Kitivo cha sheria?

La tatu ni gumu zaidi, na linatoka kwa rafiki ninayemheshimu. Anasema: kwa nini Kiswahili, wakati bibi zetu wanasema Kishi, Kirega, Kifuliiru, Kihavu, Kibembe? Je, Kiswahili nacho hakikanyagi wengine kama Kifaransa kinavyokikanyaga? Sina jibu la kumaliza neno. Nasema tu kwamba sokoni Kadutu Mrega na Mshi wanapatana bei kwa Kiswahili, hivyo ndiyo lugha itakayomkalisha kila mama mstari wa pili bila kuhitaji mkalimani. Na mchezo wa Kiswahili unaweza kubeba wimbo wa Kishi au methali ya Kirega kwa urahisi kuliko mchezo wa Kifaransa. Rafiki yangu akileta mchezo mzima wa Kirega mwakani, nitanunua tiketi ya kwanza.

Wapo watakaosema hakuna michezo ya Kiswahili ya kutosha. Hilo silikubali. Kinjeketile ya Ebrahim Hussein ilitoka mwaka 1969, nayo ni tamthilia juu ya vita vya Maji Maji ambayo mtu yeyote wa Kivu ataielewa vizuri: watu wanaahidiwa maji yatakayowakinga na risasi. Ipo Mzalendo Kimathi. Na ipo kazi ambayo haijaandikwa, yetu wenyewe. Askofu wa Nyawera anasubiri mtu wa kumwandikia mchezo. Baraza za Avenue Lumumba zimeona mamluki wa Schramme walioushika mji huu mwaka 1967, zimeona mwaka 1996, zimeona mwaka 2004, na mambo ya baadaye. Nani atayasema hayo jukwaani, na kwa lugha gani, mbele ya watu waliokuwepo?

Kwa hiyo napendekeza mambo matatu kwa mkutano wetu ujao.

Kwanza, mchezo mkuu wa wiki ya utamaduni uwe wa Kiswahili. Kifaransa na Kiingereza vibaki na jioni zao. Hatuzifuti, tunabadilisha zamu tu.

Pili, tusisubiri ukumbi. Kamĩrĩĩthũ walijenga wao wenyewe, mahali pa wazi. Sisi tuna viwanja vya shule Kadutu na Bagira, na jua la asubuhi kabla ya mvua ya saa nane. Tukicheza mara tatu katika mitaa na mara moja chuoni, barua yetu ya kuomba ukumbi itakuwa na ushahidi wa watu nyuma yake.

Tatu, mazoezi yawe wazi. Tuwaalike wauza soko, madereva wa teksi, mafundi, waje waturekebishe. Tutasahihishwa sana, na masahihisho hayo tuyaandike katika daftari. Baada ya miaka mitano tutakuwa na hazina ya Kiswahili cha Bukavu ambayo mtu wa tasnifu ataishukuru.

Mkutano ni Alhamisi, saa tisa, chumba kilekile. Nitaomba swali la lugha liwe la kwanza katika ajenda, watu wakiwa bado wamekaa. Mama ameshaniuliza mwaka huu aje au asije. Nimemwambia angoje Ijumaa nimpe jibu.